Waliokwenda Jangwani Hawakuiangusha Roma

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha familia. Binti wa marehemu kaka yangu amemaliza kidato cha sita, matokeo yake ni mazuri, na kila aliyekuja alikuja na chuo chake mfukoni: huyu udaktari, yule uhasibu, mwingine sheria. Aliwaacha wote waongee. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele aliokuwa anachambua, akasema anaomba baraka za wazee aende kwa masista Wabenediktini kuanza malezi ya utawa.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyejibu. Amefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na akifungua kinywa ukoo mzima hutulia. "Mwanangu," alisema, "Roma haikuangushwa na mikuki. Iliangushwa siku vijana wake walipoacha kuoa, wakaacha jeshi, wakaenda kujifungia kwenye monasteri. Wewe unataka kuwa miongoni mwao?"

Mkono wa binti ukasimama juu ya ungo. Hakujibu. Nami shangazi yake sikujibu, maana kwetu humkatizi kaka mkubwa mbele ya watoto. Lakini neno lile limenikwama kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki, na leo nalitoa.

Kaka hakulitunga. Lilipata nguvu kwa Edward Gibbon, Mwingereza aliyechapisha historia yake kubwa ya kuanguka kwa Roma kati ya mwaka 1776 na 1788, na aliyeandika kwamba mshahara wa askari ulimiminwa kwa umati wa wanaume na wanawake wasio na faida, ambao sifa yao ilikuwa kufunga na kutooa. Tangu hapo watu wamelirithishana bila kuliuliza maswali. Basi mimi naliuliza.

Tuanze na miaka. Antoni wa Misri alizaliwa kama mwaka 251, kwenye familia ya wakulima wenye mali karibu na mto Nili. Aliingia kanisani akasikia Injili ikisomwa, uza ulivyo navyo uwape maskini, akatoka na kufanya hivyohivyo. Alipofariki mwaka 356 Roma ilikuwa bado ni Roma: kodi inakusanywa, barabara zinapitika, meli za ngano kutoka Afrika zinatia nanga. Pakomi naye alikuwa kijana aliyekamatwa kwa nguvu kuingizwa jeshini. Yeye na wenzake wakiwa wamefungiwa Thebes, mji wa Misri, watu wasiowajua wakawaletea chakula usiku. Akauliza hao ni akina nani, akaambiwa ni Wakristo. Alipoachiwa alibatizwa, na katika miaka ya 320 akaanzisha pale Tabenesi jumuiya ya watu wanaosali, wanaofanya kazi na kula pamoja chini ya kanuni moja. Dada yake akafungua ya wanawake. Hiyo ni karibu miaka 90 kabla Alaric, mfalme wa Wagothi, na watu wake hawajaingia Roma Agosti 410, na zaidi ya miaka 150 kabla jenerali Odoacer hajamvua madaraka kijana Romulus Augustulus, kaizari wa Magharibi, mwaka 476.

Sasa kaka yangu, kwa heshima zote: kama watawa ndio walioiangusha Roma, mbona haikuanguka kule walikokuwa wengi? Misri, Palestina, Siria, Konstantinopoli (leo Istanbul), huko ndiko utawa ulikozaliwa na kujaa. Na ndiko dola lilikobaki limesimama. Misri yenyewe ilibaki mikononi mwa Warumi hadi Waarabu walipoichukua katika miaka ya 640. Konstantinopoli, yenye monasteri kila mtaa, ilisimama hadi mwaka 1453. Upande uliokufa katika karne ya tano ni Magharibi, ambako monasteri zilikuwa bado za kuhesabu. Dawa isiyomfikia mgonjwa haiwezi kulaumiwa kwamba ndiyo iliyomuua.

Kilichoiua Magharibi kinajulikana vizuri. Jeshi la kaizari Valens liliangamizwa Adrianople mwaka 378. Majenerali walipigania kiti cha kaizari huku mpaka ukiachwa wazi. Mwisho wa mwaka 406 makabila yalivuka mto Rhine. Na pigo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililovunja mgongo: mwaka 439 kabila la Wavandali liliitwaa Kartago, iliyoko Tunisia ya leo. Mkate wa Roma ulitoka Afrika ya Kaskazini. Kodi nono kuliko zote za Magharibi ilitoka hukohuko. Ulipokatika mnyororo ule, hazina ikakauka, na hazina ikikauka askari halipwi.

Hapo kwenye mshahara wa askari nataka nikae kidogo.

Kulikuwa na jimbo liitwalo Noricum, kando ya mto Danube, sehemu kubwa yake leo ni Austria. Katika nusu ya pili ya karne ya tano alitokea huko mtawa kutoka mashariki, jina lake Severinus. Mwanafunzi wake Eugippius aliandika maisha yake, na humo kuna ukurasa ambao kila nikiusoma hunikaba. Anasema zamani, dola lilipokuwa hai, askari wa miji mingi walilipwa na serikali ili kulinda mpaka. Malipo yalipokoma vikosi vikavunjika, na ukuta wa mpaka ukaenda navyo. Kilibaki kikosi cha Batavis, mji unaoitwa leo Passau. Wachache kati yao wakafunga safari kwenda Italia kuwachukulia wenzao mshahara wa mwisho. Njiani wakauawa, na hakuna aliyejua. Siku moja Severinus alikuwa chumbani mwake anasoma, akafunga kitabu, akashusha pumzi na kulia. Akawaambia waliokuwepo wakimbilie mtoni, kwa sababu saa ileile mto ulikuwa mwekundu kwa damu ya watu. Habari zikafika kwamba maiti za askari zimeletwa ufukoni na maji.

Hivyo ndivyo Roma ilivyokufa katika kona ile. Hakuna kijana aliyekimbilia monasteri hapo. Ni wanaume waliokwenda kudai haki yao kwa serikali ambayo haikuwepo tena, wakarudi wakielea.

Na baada yao nani alibaki na watu? Yuleyule ambaye Gibbon angemwita asiye na faida. Severinus aliomba watu watoe fungu la kumi la mazao kwa ajili ya wenye njaa. Nguo zilibebwa mgongoni kuvuka milima yenye theluji katikati ya baridi kali, ziwafikie waliokuwa uchi. Aliwakomboa mateka. Alikwenda kuzungumza na wafalme wa makabila, yeye peku, wao na mapanga. Hakuwa na cheo wala hakukusanya jeshi. Alifariki mwaka 482, na miaka sita baadaye Odoacer alipoamuru Warumi wa jimbo lile wahamie Italia, walichukua mabaki yake kwenye gari la kukokotwa. Hatimaye yalizikwa katika ngome ya Lucullanum karibu na Napoli. Ni ngome ileile ambayo Romulus Augustulus, yule kaizari wa mwisho wa Magharibi, alipelekwa kuishi kwa posho baada ya kuvuliwa madaraka. Kaizari hakuacha kitu pale. Jumuiya ya yule mtawa ilikaa palepale ikinakili vitabu.

Sitaki kudanganya kwamba kaka hana hata chembe ya ukweli. Valens mwenyewe, kabla ya Adrianople, alitoa sheria ya kuwatoa majangwani Misri watu waliojichanganya na watawa ili kukwepa majukumu na gharama za miji yao. Wakwepaji walikuwepo. Hata leo wapo, na huwakuti monasterini tu.

Nakubali pia kwamba monasteri za baadaye zilitajirika, zikamiliki ardhi kubwa iliyolimwa na watu wasio huru. Na wazazi waliwatoa watoto wadogo kwa monasteri bila mtoto kuulizwa. Hilo siwezi kulitetea na silitetei. Tena wanaosema watawa peke yao waliokoa elimu ya kale wanatia chumvi: Wagiriki wengi wa kale tunao kwa sababu ya Konstantinopoli, na Baghdad nayo ilifasiri na kuendeleza elimu yao. Kwenye monasteri ya Bobbio, Italia, kuna aliyekwangua kitabu cha Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, kuhusu dola ili aandike juu ya ngozi ileile maelezo ya Augustino kuhusu Zaburi. Cicero aliyefutwa alikuja kusomwa tena mwaka 1819, kwa sababu wino wa zamani ulikuwa bado unaonekana chini ya ule mpya. Lakini kama ngozi ile isingetunzwa monasterini kwa karne nyingi, hata hicho tusingekuwa nacho.

Benedikto mwenyewe, ambaye binti yetu anataka kufuata njia yake, alizaliwa Norcia kama mwaka 480. Kwa maneno mengine, hakuikimbia Roma ya makaizari. Alipozaliwa ilikuwa imeshazikwa. Alipelekwa mjini kusoma, akaondoka, akaishi pangoni Subiaco. Watawa wa kwanza waliomwomba awaongoze walichoka na ukali wake wakamwekea sumu kwenye divai. Aliinuka akaanza upya, na karibu mwaka 529 akapanda Monte Cassino. Miaka michache baadaye vita vya kaizari Justinian wa Konstantinopoli na Wagothi vikaanza kuichana Italia, vikadumu tangu 535 hadi 554. Mwaka 537 mifereji ya maji ya Roma ikakatwa. Mji uliowahi kuwa na watu kama milioni moja ukabaki na makumi ya maelfu tu. Katika miaka hiyo ya tauni na njaa, mzee mmoja mlimani aliandika kanuni yenye sura 73 kuhusu jinsi ya kulala, kula, kuimba zaburi na kugawana kazi.

Isome sura ya 55. Anahesabu vitu ambavyo abate, yaani mkuu wa monasteri, lazima ampe kila mtawa: kanzu na joho, soksi na viatu, mshipi, kisu, kalamu, sindano, leso, vibao vya kuandikia. Sindano! Serikali ilikuwa imeshindwa kulipa jeshi, na huyu anahakikisha kila mtu ana sindano yake ya kushonea, ili asiwepo wa kusema nimepungukiwa. Sura ya 31 inamwagiza mtunza ghala ayatazame majembe na masufuria kama vyombo vitakatifu vya altareni. Kwa jamii ya Warumi, ambao kazi ya mikono waliwaachia watumwa, hilo lilikuwa jambo zito sana. Mtoto wa seneta na mtoto wa mtumwa walisimama kwenye foleni moja ya jikoni, kwa zamu, wiki kwa wiki. Naamini hapo ndipo penye siri ya kudumu kwao. Hawakuhitaji kaizari ili kesho ifike. Walihitaji kisima, kinu, bustani na kengele. Walombardi waliivunja Monte Cassino, Wasaraseni wakaichoma mwaka 883, tetemeko likaibomoa 1349, mabomu yakaisawazisha tarehe 15 Februari 1944. Leo bado watawa wanaimba masifu pale.

Jambo moja la mwisho, maana baadaye, tulipokuwa tunaondoka, mtu mwingine alininong'oneza mlangoni kwamba "haya ni mambo ya Wazungu." Hapana. Mtawa na mwandishi Yohane Cassian aliishi na watawa wa Misri, akajifunza kwao, akayapeleka mafundisho yao Marseille, Ufaransa ya leo, karibu mwaka 415. Benedikto katika Kanuni yake anawaagiza watawa wake wasome maandiko kama ya Cassian, mafundisho ya wazee wa jangwani. Wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walipofika Peramiho, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1898, waliongozwa na padre mwenye jina hilohilo, Cassian Spiss. Walifika chini ya bendera ya Wajerumani, na Wangoni hawajasahau vita vya Majimaji vya 1905 wala njaa na vitanzi vilivyofuata. Sitaki mtu afunike hilo kwa uvumba. Lakini walichokibeba ndani ya masanduku yao, ile saa ya kuamka kusali, ile meza ya pamoja, kilizaliwa kando ya mto unaotoka kwenye maziwa yetu. Kilikwenda Ulaya kikarudi. Binti yetu haombi kitu cha wageni.

Sijasema lazima aende. Hilo ni lake na Mungu wake, na mama yake ana haki ya kulia. Ninachokataa ni mtoto kuzuiwa kwa kesi ya mauaji ambayo hawa watu hawakuyafanya.

Jana usiku nilimpigia simu nikamsomea ile orodha ya sura ya 55. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Shangazi, kwa hiyo hata sindano nisiende nayo?" Nikamwambia nenda nayo, ukifika utaikabidhi.

Jumapili ijayo tunakaa tena. Nimemwandikia kaka mkubwa ujumbe, nikamwekea sura ya 3 ya Kanuni, inayosema kila penye jambo zito abate aite jumuiya nzima na kumsikiliza kila mmoja, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lile lililo bora. Nimemwomba safari hii sisi wakubwa tuanze kwa kunyamaza, binti aongee kwanza. Amejibu kwa neno moja: "Sawa."