Aliyelipa nauli ana haki ya kunung'unika

Kila nikisema neno baya kuhusu Uingereza, jamaa zangu wa Dar wananijibu vilevile: "Si urudi?" Shemeji yangu ndiye mkali zaidi. Kwake, mbeba boksi hana ruhusa ya kulalamika, ashukuru Mungu kwa pauni anazopata. Kwamba mtu amefika mamtoni halafu analalamika, wanamwona kama mgeni wa harusi anayesema pilau haina chumvi.

Lakini mimi si mgeni wa mtu. Kodi inakatwa kabla mshahara haujanifikia. Kodi ya halmashauri iko palepale kila mwezi. Na mwenye viza ambaye hajapata ukaazi wa kudumu anatozwa juu yake ada ya afya, siku hizi pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, tena kwa miaka yote ya viza kwa mkupuo, wakati foleni ya matibabu ya hospitali ina mamilioni ya watu. Nimelipa, kwa hiyo nasema.

Nianze na usafiri, maana ndio unaoniua. Naishi Leeds, mji wa watu zaidi ya laki nane, ambao mara nyingi hutajwa kuwa mkubwa kuliko yote Ulaya Magharibi usio na tramu wala metro. Ulikuwa nazo tramu. Wakazing'oa mwaka 1959. Baadaye ukaja mradi wa tramu mpya. Michoro ikachorwa, viwanja vikanunuliwa, mamilioni ya pauni yakaliwa na maandalizi, halafu mwaka 2005 serikali ya London ikasema ni ghali, basi. Wakaja na wazo la bei nafuu, basi linalovuta umeme kwenye nyaya za juu. Likajadiliwa miaka na miaka, likafanyiwa uchunguzi wa hadhara, na Mei 2016 likakataliwa. Mei 2016 hiyohiyo, ndugu msomaji, mabasi ya mwendokasi ya Dar yalianza kubeba abiria kutoka Kimara kwenda Kivukoni.

Hapo sijagusa treni ya kasi ya HS2. Tawi la kuja Leeds lilifutwa mwaka 2021. Miaka miwili baadaye waziri mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, akafuta na la Manchester, na tangazo lenyewe akalitoa Manchester, ndani ya ukumbi wa mikutano ambao zamani ulikuwa stesheni ya treni. Hata mchekeshaji asingethubutu kutunga hilo. Mwaka 2025 Rachel Reeves, akiwa waziri wa fedha na mbunge wa hapahapa Leeds, alitangaza pauni bilioni 2.1 za usafiri wa umma kwa mkoa wetu, tramu ikiwemo. Wazee wa hapa wanacheka tu. Mimi nitasubiri nione chuma chini.

Nauli nayo ni balaa. Ukikata tiketi siku hiyohiyo kwa treni ya asubuhi ya siku ya kazi, Leeds kwenda London na kurudi inapita pauni 200 bila shida. Treni yetu ya kisasa, SGR, ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida kutoka Dar lilikuwa shilingi 31,000, chini ya pauni 10, na Dar hadi Dodoma ni mbali kuliko Leeds hadi London. Najua, mishahara hailingani. Lakini hata Waingereza wenyewe hawawezi kukueleza kwa nini bei iko hivyo. Waliibinafsisha reli miaka ya 1990, wakaikatakata vipande, na kwa miaka mingi baadhi ya kampuni zilizoendesha treni zao zilikuwa mali ya mashirika ya serikali za Ujerumani, Uholanzi na Ufaransa. Yaani walikataa serikali yao isimiliki treni, wakaruhusu serikali za wenzao. Sasa wanazirudisha moja moja.

Kuchelewa ndiko nisikotaka tudanganyane. Huku kila vuli treni zinasumbuliwa na majani ya miti: yanaanguka relini, magurudumu yanayaponda, yanageuka utando wa utelezi. Kwetu, SGR ilipokwama katika siku zake za mwanzo, shirika letu la reli, TRC, lilitoa taarifa kwamba ngedere na bundi wamesababisha hitilafu ya umeme. Nilicheka kwa wiki nzima. Tofauti ni hii: huku treni ikichelewa dakika 15, kampuni nyingi zinakurudishia robo ya nauli, na ikifika saa nzima, yote. Unajaza fomu ukiwa bado umekaa humohumo ndani. Siku abiria wa Morogoro atakaporudishiwa shilingi zake kwa ajili ya bundi, nitaacha kuisifu Uingereza kwa jambo hili moja.

Uchumi nitaupitia haraka, maana hasira zangu hazitoshi. Wapangaji wengi huku wana LUKU kama sisi, mita ya kulipia kabla, ya umeme na ya gesi, ila hii ina ada ya kila siku: nenda Tanga likizo, zima kila kitu, ukirudi unakuta unadaiwa. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1. Mwezi mmoja kabla, waziri mkuu Liz Truss na waziri wake wa fedha walitangaza kupunguza kodi bila kusema fedha zitatoka wapi. Riba za mikopo ya nyumba zikapaa, pauni ikaporomoka hadi karibu dola 1.03. Kwa Mwingereza hiyo ilikuwa habari ya televisheni. Kwetu tunaotuma pesa nyumbani ilikuwa ada ya shule iliyopungua njiani.

Truss alidumu siku 49. Kati ya 2016 na 2024 nchi hii imekuwa na mawaziri wakuu sita, na paka wa ofisi yao, Larry, aliyeingia mwaka 2011, amewaona wote. Ninawasema, nawacheka, lakini kuna jambo linalonifunga mdomo. Truss alipoanguka, gazeti moja lilikuwa likishindanisha uongozi wake na kichwa cha saladi, kipi kitaoza kwanza. Hakuna mhariri aliyekamatwa. Kesho yake gari la taka likapita kama kawaida. Sisi Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Tukakaa siku kadhaa tukipiga simu zisizopita, watu walikufa, vituo vya mwendokasi vilichomwa moto, na mshindi akatangazwa na karibu asilimia 98. Saladi ni anasa, jamani.

Na hapa ndipo shemeji anaposhindwa kunijibu. Sheria ya huku inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kihalali kupiga kura, hata ya ubunge. Tangu waanze kudai kitambulisho chenye picha, pasipoti ya Tanzania inakubalika kituoni. Julai 2024 niliionyesha, wakanipa karatasi, nikachagua. Pasipoti hiyohiyo hainipi kura ya rais wangu nikiwa Leeds. Wakenya wa huku walimchagua wao mwaka 2022 hapahapa Uingereza. Sisi tukichukua uraia wa huku tunapoteza wa kwetu, tusipochukua hatupigi kura ya kwetu tukiwa huku, na kila kiongozi anayepita London anatuomba tuwekeze nyumbani. Anayetaka nirudi ndipo nilalamike, anieleze kwanza nikirudi nitalalamika kwa nani.