Nani anahesabiwa, nani analipiwa: fedha za shule Uingereza na takwimu zinazoziongoza

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba ni siku ya sensa katika shule za umma za Uingereza. Mtoto aliyemo kwenye daftari siku hiyo ameingia kwenye mgawo wa mwaka unaofuata. Atakayeandikishwa wiki mbili baadaye hayumo. (Nazungumzia Uingereza yenyewe. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.) Sensa hurudiwa Januari na Mei, lakini ya Oktoba ndiyo yenye uzito, maana ndiyo inayotumika katika kanuni ya taifa ya mgawo iliyoanza mwaka wa fedha 2018/19. Desemba halmashauri hupewa takwimu zake, Januari huwa imerudisha jedwali wizarani likionyesha itakavyogawa, na kabla Februari haijaisha kila shule iliyo chini yake lazima iwe imejulishwa bajeti yake.

Lawama ya kwanza dhidi ya utaratibu huu ni ucheleweshaji. Mtoto aliyehamia shule ya halmashauri Novemba 2024 alihesabiwa kwa ajili ya mgawo kwa mara ya kwanza katika sensa ya Oktoba 2025, na fedha zake zilipangiwa kuanza Aprili 2026. Miezi 17 hivi amesomeshwa kwa fedha za wenzake. Kwa shule za akademi, zinazolipwa na wizara moja kwa moja na kufuata kalenda ya Septemba hadi Agosti, mapengo ni mengine lakini maumivu ni yale yale. Shule za mitaa ambako familia huhamahama kila mara, kwa sababu ya kodi ya nyumba au ya kuhamishwa makazi ya muda, ndizo zinazoumia zaidi.

Hata hivyo sioni kwamba hoja hii inatosha kuuvunja mfumo. Mwalimu huajiriwa kwa mwaka, haajiriwi kwa mwezi. Fedha zingekuwa zinapanda na kushuka kila mtoto anapoingia au kutoka, mwalimu mkuu asingeweza kupanga chochote. Tena ucheleweshaji huo huo ni kinga kwa shule inayopoteza wanafunzi. Katika maeneo ya ndani ya London, ambako watoto wanapungua na baadhi ya shule za msingi zimefungwa, pengo hilo la mwaka mmoja huwapa wakuu wa shule nafasi ya kupunguza madarasa kwa utaratibu badala ya kufukuza watu Krismasi ikikaribia. Halmashauri pia inaruhusiwa kutenga fedha kidogo kwa shule zinazokua ghafla na zile zinazopungukiwa. Hazitoshi, lakini zipo.

Kuna jambo moja dogo kuhusu siku ya sensa ambalo sijaliona likijadiliwa inavyostahili. Tangu Septemba 2014 watoto wa madarasa matatu ya mwanzo hula chakula cha mchana bila malipo, na ruzuku ya chakula hicho hukokotolewa kwa kuangalia ni wangapi waliokula siku ya sensa ya Oktoba na ya Januari. Matokeo yake, shule nyingi siku hiyo huweka mezani kile wasichokikataa watoto: piza, samaki na chipsi, keki ya chokoleti. Barua hutumwa nyumbani kuwasihi wazazi wasimfungie mtoto chakula cha kwenda nacho shuleni. Huo si wizi, kwa kuwa mtoto amekula kweli na aliyehesabu amehesabu kweli. Lakini takwimu inayotoka hapo inasimulia habari za siku ya piza, na kwa siku hizo mbili mwaka mzima unalipiwa.

Wizara nayo hukosea. Julai 2023 ilitangaza viwango vya mwaka 2024/25, na Oktoba ikavirekebisha baada ya kugundua kwamba maofisa wake walikosea walipokadiria idadi ya wanafunzi. Kosa hilo lilikuwa la pauni milioni 370. Kiwango cha chini kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kikashuka kutoka pauni 4,655 hadi 4,610, na cha sekondari kutoka pauni 6,050 hadi 5,995. Wizara ilijitetea kwamba jumla ya fedha za shule haikupungua, na hapo ilisema kweli. Ila halmashauri zilizokuwa zimekwisha kuanza mashauriano na shule zao zililazimika kurudia hesabu. Halmashauri ikichelewesha jedwali hufuatwa kwa barua. Sijui ni nani aliyeifuata wizara.

Hayo yote, kwa maoni yangu, ni mambo ya pembeni. Kuhesabu vichwa Uingereza inajua. Tatizo liko kwenye fungu la mahitaji makubwa, linalogharimia watoto wenye ulemavu na wanaohitaji msaada maalumu. Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 iliwapa watoto hawa mpango rasmi wa elimu, afya na huduma. Ukishaandikwa, halmashauri inawajibika kisheria kutoa kila huduma ya elimu iliyotajwa ndani yake, na haiwezi kujitetea kwamba fedha zimeisha. Januari 2015 watoto na vijana waliokuwa na mipango hiyo, au hati za zamani zilizoitangulia, walikuwa takriban 240,000. Januari 2025 walikuwa zaidi ya 638,000.

Sasa tazama fedha zinavyogawanywa. Kanuni ya fungu hili huangalia idadi ya watoto wa miaka 2 hadi 18 katika eneo, umaskini, afya, ulemavu na ufaulu duni. Huongeza kiasi cha msingi kwa kila mtoto aliye katika shule maalumu, halafu huongeza sehemu inayotokana na kile ambacho halmashauri ilitumia mwaka 2017/18. Idadi ya mipango yenyewe haimo. Halmashauri mbili zinazofanana kwa umaskini na idadi ya watoto zinaweza kupata fedha zinazokaribiana huku moja ikiwa na mipango mingi kuliko nyingine kwa tofauti kubwa.

Wizara ina sababu, na si ya kupuuza: ukilipa kwa kila mpango, utapata mipango mingi zaidi. Halmashauri iliyokuwa ikiwasaidia watoto mapema katika shule za kawaida, bila makaratasi, itajikuta inapoteza, na jirani yake aliyeandika mpango kwa kila aombaye atazawadiwa. Kutumia viashiria ambavyo halmashauri haiwezi kuvigusa kunazuia mchezo huo. Siku ya piza tumeona jinsi hesabu inavyobadili mwenendo wa watu. Hapa kilicho hatarini ni lebo atakayoishi nayo mtoto.

Lakini upande wa pili ni mzito pia. Mpango hauandikwi kwa sababu halmashauri inataka. Mzazi huomba, mtaalamu hutathmini, na halmashauri ikikataa mzazi hukata rufaa katika baraza la rufaa, ambako wazazi hushinda sehemu kubwa mno ya kesi zinazofika kwenye uamuzi. Nafasi katika shule maalumu za umma zikijaa, mtoto hupelekwa shule binafsi ambayo kwa wastani hugharimu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo hofu kwamba halmashauri zitatengeneza mipango ili zilipwe inazichukulia kana kwamba zina usukani. Usukani kwa kiasi kikubwa uko kwa sheria na baraza la rufaa.

Pengo kati ya wajibu na fedha likafunikwa kihasibu. Tangu 2020 halmashauri zimeruhusiwa kuweka nakisi ya fedha za shule pembeni ya hesabu zao za kawaida, ili zisitangaze kushindwa kujiendesha. Ruhusa hiyo iliongezwa hadi Machi 2026, kisha Juni 2025 ikasogezwa hadi Machi 2028. Oktoba 2024 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kwamba wizara inakadiria nakisi iliyolimbikizwa ingefikia kati ya pauni bilioni 4.3 na 4.9 ifikapo Machi 2026. Deni lililowekwa pembeni bado linalipiwa: halmashauri hukopa, au hutumia akiba yake, kuziba fedha ambazo zimekwisha kutoka.

Mimi ningeanza na ile sehemu ya mwaka 2017/18. Takwimu ya matumizi ya halmashauri ya mwaka huo haielezi hali ya mtoto aliyezaliwa baada yake, na haina hata sifa ya kuwa kiashiria cha mahitaji. Inaonyesha tu nani alikuwa na mazoea ya kutumia zaidi. Ingeweza kubadilishwa taratibu na kuwekwa kipimo kinachotegemea mipango, kwa uzito mdogo, na kwa wastani wa miaka kadhaa ili asiyekuwa mwaminifu asifaidi haraka. Nyenzo zipo. Hadi 2022 halmashauri zilirudisha jumla tu za mipango. Tangu 2023 marejesho ya kila Januari ni ya mtoto mmoja mmoja: aina ya hitaji, tarehe ya ombi, shule aliyowekwa.

Takwimu za mtoto mmoja mmoja nazo zina gharama, na si saa za maofisa wa halmashauri wanaosafisha mafaili tu. Mwaka 2016 wizara iliongeza uraia na nchi ya kuzaliwa katika sensa ya shule, wazazi na wanaharakati wakaogopa kwamba taarifa hizo zingefika idara ya uhamiaji, na mwaka 2018 maswali hayo yakaondolewa. Mwaka 2020 Kamishna wa Taarifa alichapisha matokeo ya ukaguzi wake wa wizara, yenye mapendekezo 139 ya kurekebisha ulinzi wa data. Mzazi anayesita kumweleza karani wa shule ulemavu wa mwanawe ana historia ya kuegemea.

Bajeti ya Novemba 2025 ilisema kwamba ruhusa ya 2028 ikiisha, halmashauri hazitatarajiwa kugharimia mahitaji haya kutoka fedha zao za jumla. Serikali kuu itabeba. Nafuu kubwa, bila shaka. Ila halmashauri ndiyo itakayoendelea kumtathmini mtoto na kuuandika mpango, na mlipaji atakuwa mwingine. Wakala uliokuwa ukisimamia malipo ya shule ulifungwa Machi 2025 na kazi zake zikarudishwa wizarani, kwa hiyo anayelipa, anayedai takwimu na anayetunga sera sasa wako chini ya paa moja. Wizara ikishaanza kubeba ongezeko lote, natarajia itataka kusoma mipango mstari kwa mstari kabla ya kulipa, na marejesho ya Januari yatakuwa marefu kuliko yalivyo leo.