Ufa mkubwa hauanzi ukiwa mrefu
Kuna makala inayosema kuta za Bonde la Ufa zilianza kama ufa mmoja mrefu. Hapana. Jaribu kwa mfano mdogo: ndani ya sanduku tandaza karatasi ya mpira inayovutika, chekechea juu yake mchanga mkavu wa kwatzi (quartz), tabaka za rangi mbili, unene sentimita 5. Sentimita 1 ni takriban kilomita 1 ya ardhi. Uvute mpira polepole. Kwanza hutokea nyufa fupi nyingi, zimeinama takriban digrii 60, kisha nyufa jirani huungana na ndogo za katikati huacha kusogea. Kando ya Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, utaziona nyufa za ardhi hivyo hivyo, zimepishana kama ngazi.

Tafadhali, mchanga usimwagwe kwa kikombe! Unashikana huku, unalegea kule, na ufa unafuata palipolegea. Kuta za sanduku nazo husugua: pima katikati tu.