Laini Isiyopulizika

Mimi ni mtu wa laini ya kuchomeka. Laini ikigoma unaitoa, unaipuliza, unaisugua kwenye shati, unairudisha. Ikigoma tena unachomoa na betri, unaiacha simu ikae pembeni ijifikirie. Kwa dawa hiyo nimetibu simu za nusu ya mtaa wetu hapa Tandika, na sijawahi kumdai mtu hata soda.

Sasa wameleta laini isiyo na mwili. Inaitwa eSIM. Imo ndani ya simu, wanasema, lakini haishikiki, haionekani wala haitoki. Kama jini. Na kama jini, ili ije panatakiwa maneno maalumu na mtu wa kuyasoma. Mtu huyo kwangu ni mpwa wangu, ana miaka ishirini na mbili, na huniongelesha taratibu kama anayemvusha bibi barabara.

Tena sikuifuata, ilinifuata. Nilinunua simu Kariakoo, iPhone 14 iliyotumika, "imetoka Marekani, mzee, haina hata mkwaruzo." Nimefika nyumbani naigeuza, naizungusha, natafuta tundu la laini. Hakuna. Nikamrudia yule kijana, nikamwambia hii mmeziba. Akacheka mpaka akaita wenzake waje wanione. Kumbe kuanzia hiyo 14, ya mwaka 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu kabisa. Ndiyo maana bei yake ilikuwa na adabu. Ikabidi niende dukani kwa watu wa mtandao, nikaweka kidole kwenye mashine, nikataja namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, laini yangu ya miaka 14 ikahamishiwa hewani. Ile kadi yenyewe wakaitupa kwenye ndoo, mbele ya macho yangu. Niseme ukweli, nilihisi nimefiwa kidogo.

Basi ikaja safari ya Istanbul. Nafuata magauni ya watoto ya sikukuu pale Laleli, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo tunajulikana kuliko nyumbani kwetu. Mpwa akasema, anko, usihangaike kutafuta laini ukifika, nakununulia eSIM ya safari kabisa, GB 10, siku 30. Akanibonyezesha nyota reli sifuri sita reli, ikatokea namba inaitwa EID. Tarakimu 32! Namba ya NIDA nimeilalamikia miaka yote na ina 20 tu. Akaniambia ukiiona hiyo ujue simu inakubali. Akalipia. Akasema, sasa tuiweke hapa hapa, waifai ipo.

Nikamkatalia.

"Siku zianze kuhesabika nikiwa Tandika? Mimi?"

"Anko, kuiweka siyo kuianza. Siku zinaanza ikishika mtandao wa kule."

Jamani, mimi nimelelewa na bando. Nimeshawahi kununua bando la siku saa tano usiku likafa saa sita kamili, limekula saa moja tu duniani. Hakuna mtoto wa kunifundisha siku zinaanzaje. Nikamwambia nitaiweka nikifika.

"Haya, basi kodi yake iko kwenye imeili, utaiskani huko."

"Kodi ya nini tena? Si umeshalipa?"

"Kodi ya QR, anko."

Nikanyamaza, ila moyoni nikajua hapa kuna mtu anakula hela. Aliponifungulia nikaona ni yale madoadoa meusi kama kitambaa cha meza kilichoungua. Akaniambia nikaiprinti steshenari, shilingi 500 tu. Nikamuuliza, niprinti kitu ambacho tayari ninacho kwenye simu? Hapo ndipo nilipookoa shilingi 500. Endeleeni kunisikiliza mjue ziliishia wapi.

Nikatua Istanbul. Uwanja ule ni mkubwa, unatembea mpaka unajiuliza kama Kariakoo usingefika haraka zaidi kwa miguu. Nikawasha simu: hakuna huduma. Sawa. Nikatafuta waifai ya bure, nikaipata, ikaniambia niandike namba ya simu inirushie ujumbe wenye namba ya siri. Irushe wapi? Ili nipate laini nahitaji intaneti, ili nipate intaneti nahitaji ujumbe, ili nipate ujumbe nahitaji laini. Nikasimama katikati ya uwanja nazunguka kama feni. Mungu si Athumani, nikaona watu wanapanga foleni kwenye mashine, unaiwekea pasipoti inakupa namba. Nikapata. Saa moja ya bure.

Nikafungua programu ya wale waliotuuzia laini. Haifunguki. Nikaifunga, nikaifungua. Nikaipuliza simu yenyewe, mazoea. Wapi. Nikampigia mpwa kwa WhatsApp, akakaa kimya, halafu akasema kumbe tangu Julai 2025 Uturuki wamezifunga tovuti na programu za wauzaji kadhaa wa hizi laini. Ukiingia umeshaiweka, inafanya kazi vizuri tu. Ukiingia mikono mitupu ndiyo unakuta mlango umefungwa. "Ndiyo maana nilisema tuiweke nyumbani," akasema. Siku hizi watoto hawana adabu.

Imeili ikafunguka lakini, na kodi yangu humo ndani. Nikaenda kwenye mipangilio, simu ikafungua kamera, ikasema elekeza kwenye kodi. Kodi iko wapi? Iko kwenye simu. Kamera iko wapi? Kwenye simu hiyo hiyo. Nikiileta kodi mbele, kamera inaondoka. Nikiileta kamera, kodi inaondoka. Nikaingia chooni nikasimama mbele ya kioo nikidhani kioo kitanisaidia. Baba mmoja aliyekuwa ananawa mikono akaona mtu mzima ameshika simu inayojipiga picha, akaondoka mikono ikiwa na povu.

Shilingi 500, ndugu zangu. Steshenari ile iko hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu.

Mpwa akasema, bonyeza hiyo picha usiachie, yatatokea maneno ya kuiweka. Nikabonyeza mpaka kidole kikawa cheupe. Kumbe hilo linataka simu iliyosasishwa mpaka iOS 17.4, ya mwaka 2024. Sasa simu yangu, kila usiku ilikuwa inaniomba nisasishe, na mimi kila usiku naiambia kesho, kwa sababu bando la kusasisha simu ni bando la kuangalia mpira wiki nzima. Tukabaki na njia moja: kuandika kwa mkono. Kuna anwani ndefu ya mtambo wanakohifadhi hizo laini, halafu kuna namba ya kuwezesha, herufi na tarakimu zimelala pamoja bila mpangilio. Sifuri au O? Moja, au I, au l ya laini? Nikakosea mara tatu. Mara ya nne simu ikakubali, ikaanza kuzungusha kile kiduara chake, na mimi nikiwa nimebana pumzi, zikatokea. Alama za mtandao! Nne! Zimesimama kama watoto wa madrasa siku ya Maulidi.

Intaneti: hakuna.

"Anko, umewasha romingi?"

Hapa niwe mkweli. Nilimwambia nimewasha. Sikuwasha. Jirani yangu mmoja alisahau kuzima romingi, ile ya kutumia laini ya nyumbani kwenye nchi za watu, akiwa Afrika Kusini, salio la shilingi 20,000 likayeyuka kabla hajafika mbele ya foleni ya pasipoti. Tangu siku ile romingi kwangu ni kama waya uliochunika, sigusi. Tena hii si nimeinunua ya Uturuki? Niko Uturuki. Romingi ya nini? Yaani mtu akiwa kwake unamwambia apige hodi?

"Umewasha kweli?"

"Nimekwambia nimewasha."

"Basi zima simu uwashe tena. Ila anko, sikiliza, chochote utakachofanya, usifu..."

Saa moja ikaisha, sauti ikakatika. Usifu! Nikasema kijana huyu pamoja na yote amelelewa, ananikumbusha nimsifu Mola. Nikamsifu pale pale, kisha nikaikabili simu peke yangu.

Nikaangalia, nikakuta laini mbili ndani. Nikajua tatizo ni hilo: wake wenza chumba kimoja, nani atasikilizana? Niondoe ile ya Uturuki niirudishe upya, ndiyo ile ile dawa yangu ya kutoa na kupuliza. Sasa ipi ni ipi? Simu ilikuwa imeziandika kwa Kiingereza, moja Praimari, nyingine Sekondari. Nikafikiri kama mtu mwenye akili zake. Laini ya Uturuki imezaliwa dakika kumi zilizopita, kwa hiyo hiyo ni praimari, ndiyo kwanza inaanza darasa la kwanza. Laini yangu ina miaka 14, imesajiliwa kwa kidole, imelea watoto, imeshika hela za watu. Hiyo ni sekondari, tena kwa heshima tu, ilistahili chuo kikuu.

Nikafuta Praimari.

Simu ikatoa maneno mengi mekundu. Nikadhani inanipongeza.

Usiku, hotelini, waifai ipo, nikampigia mpwa kumwambia nimesafisha. Akaniomba nimwonyeshe skrini. Nikamwonyesha. Akasema, "Inna lillahi," halafu akazima kamera yake. Nadhani hakutaka nimwone uso. Praimari maana yake ndiyo laini kuu, ile ya zamani. Ya nyumbani. Nayo ukiifuta hairudi kwa kubembelezwa, mpaka uende mwenyewe dukani kwa watu wa mtandao, wakague kidole, wakupe kodi mpya. Alichokuwa ananiambia ni nisifute.

Kidole changu kiko Laleli, mashine iko Kariakoo.

Wiki hiyo sitaisahau. Nikitaka kuingia benki kwenye simu, benki inatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe, kwenye laini iliyofariki. Hela za wateja nasikia zinaingia kwenye laini, siwezi kuziona hata salio. Ajabu WhatsApp inafanya kazi kwa namba ile ile, kama picha ya marehemu ukutani, inakuangalia tu. Ila ukitoka hotelini, kimya. Wateja walioniachia kianzio wakinipigia kawaida wanaambiwa sipatikani. Wakaanza kwenda nyumbani kumsalimia mama watoto. Hata ambao hawajawahi kuja Idi wala msiba walikuja kusalimia, wanakunywa maji, wanahesabu vyombo. Mama watoto akanitumia ujumbe wa sauti, sitaurudia hapa.

Na ile Sekondari ipo, alama nne, haina intaneti. Mpwa akataka turekebishe, nikamkataza. Nilikuwa nimebakiwa na laini moja tu duniani, hata kama haifanyi kazi. Simu nikawa naishika kama yai.

Siku ya kurudi, kwenye basi la kwenda uwanjani, nikakaa na mama mmoja wa Eastleigh, Nairobi, na mabegi yake kama mlima. Anaongea na simu tangu tumepanda, video, kicheko. Alipokata nikamsimulia shida yangu, maana nilishakuwa naisimulia kwa yeyote mwenye masikio.

"Na romingi umewasha?"

Nikakohoa.

"Lete hiyo simu, baba." Akaichukua bila kungoja. "Hizi laini za safari si za hapa. Mara nyingi ni ya kampuni ya nchi nyingine kabisa, hapa nayo ni mgeni kama wewe. Sasa usipowasha romingi itaingilia wapi?" Akagusa mara moja. Mara moja tu. Simu ikatetemeka kwenye mkono wake kama kuku aliyefunguliwa kamba. Ujumbe sitini na kitu. Juu kukaandikwa GB 10, siku 30, zinaanza leo.

Leo! Mtoto alisema kweli, siku zinaanza ikishika mtandao. Na nimebakiwa na nusu saa ndani ya Uturuki. Niliwapigia watu wote kwa video. Niliwaonyesha barabara, nguzo za taa, shingo ya dereva. Mpwa wangu nilimwonyesha yule mama wa Eastleigh, akamwambia, "Asante, shangazi," kwa sauti ambayo mimi hajawahi kunipa. Nilijitahidi sana. Nilimaliza GB moja.

Kesho yake asubuhi niko dukani kwa watu wa mtandao. Kidole kikakubaliwa, namba ya NIDA nikaitaja bila kuangalia karatasi, na safari hii kodi nikaomba waniprintie, nikailipia, nikaishika kwa mikono miwili. Binti wa pale mezani akasema, "Haya baba, fungua tuiskani. Ila itahitaji intaneti ili ishuke, na waifai yetu leo imegoma. Simu yako ina intaneti?"

Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe.

"Ninayo," nikamwambia. "GB 9, na siku 29. Ila ziko Uturuki."