Sekunde 15 za mtoto wa darasa la kwanza

Msongamano madarasani ukizungumzwa, hakosi mtu wa kusema: "Mbona sisi tulikuwa mia moja, tukikaa chini, na tukafaulu?" Ni kweli, wapo waliofaulu. Ila anayesema hivyo ni yule aliyevuka. Walioishia njiani hatuwasikii.

Tupige hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania ni dakika 30. Kwa kiwango cha serikali cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kila mtoto angepata sekunde 40, na hapo mwalimu asiandike ubaoni, asinyamazishe kelele, asimtafutie mtu penseli. Wakiwa 120, zinabaki sekunde 15. Hizo zinatosha kuweka alama ya vema kwenye daftari. Kumsikiliza mtoto akisoma na kujua anakwama wapi, hazitoshi.

Nimefundisha darasa la namna hiyo. Mtoto mmoja aliandika, "Ninampenda dada." Sentensi haina kosa, nikaweka vema, nikashika daftari la mwenzake. Wiki kadhaa baadaye akaandika "dinti" mahali pa "binti". Nikamwita, tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Kila palipoandikwa "dada", yeye alikusudia kuandika "baba". Alikuwa akigeuza b kuwa d muda wote huo, na vema zangu zikimwambia yuko sawa. Kosa hilo linarekebishika kwa dakika tano za kukaa naye. Dakika tano ni sehemu ya sita ya kipindi. Nikimpa yeye, 119 wanasubiri.

Wanaosema idadi si tatizo kubwa wana hoja nzito, na ushahidi wao umetoka kwa jirani zetu. Baada ya Kenya kufuta ada za shule za msingi mwaka 2003 na madarasa kufurika, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti magharibi mwa nchi hiyo. Shule ziliongezewa mwalimu wa mkataba, na wastani wa darasa ukashuka kutoka wanafunzi 82 hadi 44. Waliobaki na walimu wa serikali hawakuonyesha maendeleo ya maana, kwani walimu wenyewe walipunguza juhudi. Waliofundishwa na wale wa mkataba walipanda. Ndipo inaposemwa: kazaneni na usimamizi, idadi baadaye.

Usimamizi unahitajika, silikatai hilo. Lakini utafiti huohuo uligundua jingine: pale watoto walipogawanywa kwa kiwango chao cha uelewa, wenye uwezo mkubwa na wenye uwezo mdogo wote walinufaika. Iliwezekanaje kuwagawanya? Kwa sababu walimu walikuwa wawili. Mwalimu mmoja mwenye mkondo mmoja wa watoto 120 awagawe aende nao wapi?

Silaumu elimu bila ada iliyoanza Januari 2016. Watoto wale walikuwa na haki ya kuingia, na wengi wasingeingia kamwe. Madarasa nayo yamejengwa: fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 zilijenga 15,000, ingawa 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari. Lakini chumba kipya kisicho na mwalimu mpya kinamfanya yuleyule akimbie kati ya milango miwili.

Kinachoniuma ni pale mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anapoandika kwamba mwalimu "hazingatii tofauti za wanafunzi". Kabla hajaandika, ahesabu madaftari yaliyo mezani. Madaftari 120 kwa dakika moja moja ni saa mbili, kwa somo moja, kwa siku moja. Kisha aandike kwenye ripoti hiyohiyo kwamba shule inahitaji mwalimu wa pili darasa la kwanza, na amtaje mwenye jukumu la kumleta.