Programu huria za kumbukumbu za wagonjwa: Zanzibar itakuwa mtumiaji tu?

Kila linapozuka suala la kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, mjadala wetu hapa Zanzibar hukimbilia bei. Kampuni inataka kiasi gani kwa mwaka, na ile programu huria isiyo na ada ya leseni itatuokolea kiasi gani. Naona tunaanzia pasipo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa ya kuiendesha, uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa kwa kufuata masharti ya leseni yake. Hilo ni jema, lakini msimbo peke yake hauendeshi hospitali. Unaoifanya programu ya namna hii ifae ni umma wa watu walioizunguka, wanaoirekebisha, wanaojibu maswali na wanaobishana kuhusu hatua inayofuata. Kwa hiyo la kuamua ni kama sisi tutaingia katika umma huo au tutabaki kuchukua kilichotengenezwa na wengine.

Mfano ulio karibu nasi ni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo mdogo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. UKIMWI ukaleta maelfu ya watu wanaohitaji kufuatiliwa maisha yao yote, na mfumo ule ukaelemewa. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na wa shirika la Partners In Health wakaona wanahangaika na tatizo lile lile, wakaamua kujenga msingi mmoja ulio wazi. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, ukafuata Rwanda. Leo mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu ya msingi huo, na India upo wa Bahmni.

Ukiufungua ukurasa wa kumsajili mgonjwa, utaziona alama za mahali mfumo huo ulikozaliwa. Kwenye tarehe ya kuzaliwa pana nafasi ya kuonesha kwamba tarehe hiyo imekadiriwa, kwa sababu waliouanzisha walikuwa wakihudumia watu wanaojua kwamba walizaliwa mwaka wa mvua kubwa, si tarehe ngapi ya mwezi gani. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na namba kadhaa: ya kliniki, ya hospitali, ya kitambulisho. Namba zinaweza kuwekewa tarakimu ya mwisho ya ukaguzi, ili karani akikosea kuandika tarakimu moja kompyuta imkatalie hapo hapo. Mambo haya yaliingia kwa sababu watu wa zahanati na watu wa kompyuta walikuwa wakizungumza.

Sasa tulete mfumo huo kwenye dirisha la usajili la hospitali ya Chake Chake au Mnazi Mmoja. Anakuja mama, anataja jina: Fatma Ali Juma. Akina Fatma Ali Juma ni wengi. Mmoja aliandikwa Fatma, mwengine Fatuma, wa tatu Fatima, na kumbe wawili kati yao ni mtu mmoja. Mohamed, Mohammed na Muhammad. Khamis na Hamisi. Salum, Salim na Saleh, ambayo mengine ni majina tofauti kabisa na mengine ni mkono wa mwandishi tu. Jina la tatu kwetu aghalabu ni la babu, wala mke habadilishi jina anapoolewa, kwa hiyo programu inayolichukua jina la mwisho kuwa la familia itamtenganisha mtoto na mama yake. Foleni ni ndefu, karani anatafuta mara moja, hapati, anafungua faili jipya. Mgonjwa huyo sasa ana mafaili mawili, na katika moja tu ndipo palipoandikwa kwamba penisilini inamdhuru.

Nani ataliona tatizo hili? Si mhandisi aliye Boston, hata awe hodari vipi. Analiona karani wa kumbukumbu ambaye tayari ana mbinu zake: anauliza shehia, anauliza jina la mama, anauliza umeshawahi kuja hapa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Ujuzi huo ni mali. Programu ya kampuni iliyofungwa itaupokea kama ombi la mteja, na ombi la mteja mdogo husubiri. Programu huria inatoa uwezekano wa mtu wa hapa kuandika kanuni ya kutafuta majina ya Kiswahili na Kiarabu, akaipeleka kwenye msingi wa pamoja, ikajadiliwa na kupokelewa. Hoja ya upande wa uwazi iko hapa, na kwangu ina uzito kuliko akiba ya fedha.

Upande wa pili nao una hoja zake, na wapenzi wa programu huria mara nyingi huzipita haraka.

Ya kwanza ni uwajibikaji. Mkurugenzi wa hospitali akinunua mfumo kwa mkataba, ana mtu wa kumpigia simu usiku wa manane na kifungu cha kumbana. Leseni za programu huria kwa kawaida husema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Huwezi kulishitaki kundi la watu wa kujitolea walio katika nchi kumi. Daktari ambaye skrini imemzimikia huku wodi imejaa hana haja ya falsafa ya uwazi, anataka irudi. Nikimsikia mtu anaipuuza hofu hiyo, najua hajakaa wodini. Jibu lake lipo, nalo ni kununua huduma ya matengenezo kutoka kampuni ya hapa au ya jirani huku msimbo ukibaki huru, ili kampuni ikishindwa uajiri nyengine bila kuanza upya. Lakini jibu hilo lina gharama, na anayeuza wazo la programu huria kwa kusema ni ya bure anamficha mkurugenzi gharama hiyo.

Ya pili ni huo wenyewe umma wa kujitolea. Kijana aliyemaliza kompyuta Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au taasisi ya Karume pale Mbweni anahitaji kula, kulipa nauli na kusaidia nyumbani. Anayeweza kutoa saa zake za jioni kuandika msimbo bila malipo mara nyingi ni yule ambaye mchana analipwa vizuri kufanya kazi hiyo hiyo, au ambaye mfadhili anamlipa. Mazungumzo ya kimataifa ya programu hizi huendeshwa kwa Kiingereza, kwa maandishi marefu na mikutano ya video inayotaka intaneti isiyokatika. Muuguzi wa Makunduchi anayejua kasoro ya fomu ya kliniki ya wajawazito kuliko mtu yeyote duniani hayumo katika mazungumzo hayo. Mlango uko wazi, ni kweli. Wanaoweza kuingia ni wachache.

Ya tatu ni mgawanyiko. Kila nchi ikichukua msingi ikaurekebisha kivyake, baada ya miaka michache toleo lake linakuwa mbali na la wenzake, na kupanda kwenye toleo jipya kunakuwa kazi nzito. Nchi inabaki na programu ambayo kwa jina ni huria lakini kwa vitendo imekuwa yake peke yake, inajulikana na watu watatu, na wawili kati yao wanatafuta kazi kwengine.

Kuhusu usalama, hofu ya kawaida ni kwamba msimbo ukiwa wazi, siri za wagonjwa nazo ziko wazi. Si hivyo. Kinachosomwa na wote ni maelekezo ya programu. Kumbukumbu za wagonjwa hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya wizara au hospitali kwa ulinzi wake. Wala kufungwa si kinga: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali nyingi za Uingereza kupitia Windows, programu iliyofungwa, ingawa rekebisho lilikuwa limetolewa tangu Machi. Desemba 2021 ukagunduliwa udhaifu mkubwa katika Log4j, maktaba huria, yaani kipande cha msimbo kinachochomekwa ndani ya programu nyengine, inayotumika kwenye programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Rekebisho lilitoka upesi. Wengi wa walioumia katika mikasa yote miwili ni wale ambao hawakuwa na mtu wa kulisakinisha.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi ni ndogo na ya kila siku. Karani anapata kasoro, anapiga picha skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wasaidizi. Kwenye picha kuna jina kamili, shehia na majibu ya kipimo. Katika visiwa ambavyo, kwa sensa ya 2022, jumla yetu ni watu 1,889,773, na Pemba peke yake 543,441, picha hiyo haichukui muda kumfikia mtu anayemjua mgonjwa. Umma unaotaka watu waripoti kasoro kwa uwazi unapaswa kuwapa kwanza wagonjwa wa kubuni wa kufanyia majaribio, na kuwafundisha kwamba mgonjwa wa kweli haingii kwenye mazungumzo hata kwa herufi ya kwanza ya jina lake.

Umeme na mtandao tunavijua. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha kama miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, na Pemba iliunganishwa kwa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010. Mfumo wowote, wa wazi au wa kufungwa, usioweza kufanya kazi mtandao ukikatika haufai hapa.

Isionekane kwamba tunaanza kutoka sifuri. Zanzibar ilianza kutumia programu ya takwimu za afya ya DHIS, iliyozaliwa Afrika Kusini na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, katikati ya muongo wa 2000. Katika malaria tulikwenda mbali zaidi. Kuanzia 2008 vituo vilikuwa vikiripoti wagonjwa kwa simu, na kuanzia 2012 ikaja Coconut Surveillance, programu huria iliyotengenezwa na shirika la utafiti la RTI International kwa ajili ya kazi hiyo hapa hapa: mgonjwa akigundulika kituoni, ofisa wa wilaya anafika nyumbani kwake na kompyuta yake ya mkononi, anawapima waliomo, anaandika hata pasipo mtandao, taarifa zinapanda baadaye. Halafu kuna programu ya afya ya jamii ya Jamii ni Afya, inayowapa zaidi ya wahudumu 2,000 wa kujitolea simu za kufuatilia wajawazito na watoto majumbani. Uzoefu huo ni mkubwa kuliko wa nchi nyingi kubwa.

Lakini sehemu kubwa ya uzoefu huo umebebwa na miradi, na miradi ina tarehe ya mwisho. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila aliye katika sekta ya afya Afrika Mashariki alipata fursa ya kuhesabu ni mishahara mingapi na seva ngapi zilitegemea fungu lile. Hapo hoja za pande mbili zinakutana. Mfumo uliofungwa ukikosa malipo unazimwa na mwenye nao, na kuzitoa kumbukumbu zako kunakuwa jambo la kuombana. Mfumo huria ukikosa mfadhili, msimbo unabaki, hakuna awezaye kukunyang'anya. Anayeondoka ni mtu aliyekuwa akiujua.

Kwa Mzanzibari namna rahisi ya kulielewa hili ni wakfu. Nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na manufaa yake ni ya waliokusudiwa. Mtu mmoja hawezi kuichukua ikawa yake. Lakini wakfu wenye kudumu ni ule wenye msimamizi na pato la kutia chokaa na kuezeka. Kwa sababu hiyo hata serikali ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Wakfu usio na msimamizi huanguka ukuta kwa ukuta huku kila mtu akisema ni mali ya wote. Leseni ya OpenMRS imesimama juu ya leseni ya Mozilla, inayomtaka anayebadilisha mafaili ya msingi na kuyagawa aache mabadiliko hayo yawe wazi kwa masharti yale yale. Upande wa kuweka wakfu tumeshafanyiwa. Upande wa usimamizi hatufanyiwi na mtu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni upande wa programu huria, kwa sharti ambalo sitaki lilainishwe: kuwe na nafasi za ajira za kudumu, hata kama ni chache, ndani ya wizara ya afya, za watu ambao kazi yao ni kushiriki katika umma wa programu hizo. Si kuitunza seva tu. Kusoma mijadala, kupeleka marekebisho, kupima matoleo mapya, kuyatafsiri malalamiko ya Wete na Kivunge yawe maombi ambayo mtu wa Nairobi au Kampala anaweza kuyafanyia kazi. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo uamuzi huu uko mikononi mwetu. Kama serikali haiko tayari kulipa mishahara hiyo, basi kwa uaminifu ni afadhali inunue mfumo wa kampuni kwa mkataba mzuri, wenye kifungu cha kurejeshewa kumbukumbu zote katika muundo unaosomeka, kuliko kupokea programu huria ikaiacha yatima.

Makarani na wauguzi nao wahesabiwe kuwa ni wachangiaji, kwa Kiswahili chao, na saa wanazotumia kueleza kasoro ziwe saa za kazi. Wanafunzi wa SUZA wanaotakiwa kufanya mradi wa mwisho wapewe kasoro za kweli kutoka hospitalini badala ya kubuni programu ambayo haitafunguliwa tena baada ya mahafali.

Kazi ya kuanzia ipo, nayo ni ile ya majina. Kundi dogo, karani mmoja kutoka kila wilaya na vijana wawili watatu wa kompyuta, wakae waandike orodha ya majina na namna zake zote za kuandikwa, lipi ni lile lile na lipi ni tofauti, pamoja na maswali ambayo karani mzoefu huuliza. Igeuzwe kuwa kanuni ya kutafuta, ijaribiwe kwa wagonjwa wa kubuni, ipelekwe kwenye msingi. Majina hayo yako pia Lamu, Mombasa, Tanga na Bagamoyo, kwa hiyo masahihisho ya huko yatakuja, na sisi ndio tutakaoamua yapi yaingie.