Skrubu Saba na Turubai la Dagaa

Kamera yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya shemeji. Nilimwomba aniazime siku moja tu nikapige picha kule Jiwe la Bismarck, hapa Mwanza. Upepo wa ziwa ukavuma, mchanga ukaingia. Lenzi ikatoka nusu, ikalia krr-krr-krr, ikagoma kurudi ndani. Ikabaki imechomoza kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

Fundi wa Makoroboi akanitajia bei. Nikaangua kicheko, nikaichukua kamera, nikarudi zangu Igogo. Mchanga tu, jamani, unahitaji fundi?

Jumamosi nikavuta kigoda uani, nikiwa na bisibisi ndogo ya kukazia miwani ya bibi. Huyu ni bibi wa mke wangu, amekuja kututembelea kutoka Sengerema, na mimi huniita "mume wangu". Pembeni alikuwa ameanika dagaa wake turubai zima.

Nikatoa betri, nikaitia mfukoni. Hapo nikajihesabu salama. Nikafungua skrubu saba, nikazipanga kwenye kisosi, nikabandua ganda.

Kumbe kamera yenye flashi ina kapasita ndani, kikopo kidogo cheusi kinacholimbikiza umeme wa kumulikia. Kinaweza kushika volti 300 hivi, na hata ukitoa betri hakina habari. Mimi nikakiona, nikadhani kina vumbi, nikakifuta kwa kidole.

Pa!

Sijui niliruka vipi. Nakumbuka kigoda kiko kule, kamera imetua kifudifudi katikati ya dagaa, na kisosi kinazunguka sakafuni kikiwa kitupu.

Sasa wewe ambaye hujawahi kutafuta skrubu ya kamera kwenye dagaa, nikueleze. Skrubu ni ndogo kuliko punje ya mtama, inang'aa. Dagaa naye anang'aa, ubavu mzima, na jicho lake ni duara lilelile, ukubwa uleule. Jua la saa saba, turubai zima linanikonyeza. Nikapiga magoti nikaanza kuwageuza mmoja mmoja.

Bibi akatokea mlangoni. "Mume wangu, unawahesabu? Unaogopa nitakumalizia?"

"Hapana bibi, nawatoa mchanga."

"Mchanga wa dagaa hutolewa kwa maji, si kwa kucha."

Nilipata skrubu nne. Nikafunga kamera kwa hizo hizo, nikawasha. Krr-krr-krr.

Jioni ikaja ugali na dagaa wa kukaanga kwa nyanya. Nilikula kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga miiba. Bibi, ambaye meno yake ni ya kuhesabika, yeye alikuwa anatafuna kwa raha zake. Mara: kach!

Kimya. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kitu, akakiweka kiganjani na kukisogeza kwenye taa.

"Dagaa wa siku hizi wanavaa hereni?"

Mke wangu hakumtazama bibi. Alinitazama mimi.

"Si wanasema dagaa wana madini ya chuma, bibi," nikajibu.

Jumatatu nilirudi Makoroboi nimeinamisha kichwa. Yule fundi akafungua, akachungulia, akachukua kibano. Akavuta taratibu akatoa dagaa mzima, mkavu, na kichwa chake. Akamnyanyua ili wateja wote wamwone.

"Bosi, hii ndiyo memori kadi?"

Bei ikawa ileile, akaongeza na ya skrubu mbili zilizopotea. Safari hii sikucheka.

Nilipofika nyumbani nikamkuta bibi uani amekaa kwenye kigoda changu. Alikuwa ameng'oa sumaku ya spika mbovu, akaifunga kamba, anaipitisha juu ya turubai polepole kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Njoo uone, mume wangu," akaniita. "Leo nimevua mmoja."